Karatasi Niliyompelekea Prof wa Kiingereza

Kwetu Kalemie mwalimu wa sekondari anaitwa Prof, hata kama viatu vyake vimeshonwa mara tatu. Maprof ni wengi mjini. Lakini katika mtaa wetu, kati ya reli na ziwa, ukisema Prof bila kuongeza neno, watu wote walijua unamsema nani: yule mzee mrefu wa Kiingereza, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, anayetembea akisogeza midomo kama mtu anayesali. Hakuwa anasali. Alikuwa anafanya mazoezi.

Nilikuwa jirani yake tangu utoto. Nilikuwa mwanafunzi wake kwa mwaka mmoja na nusu, kisha nikawa muuza ndagala niliyemletea mke wake samaki mlangoni, na mwishowe nikawa mtu aliyemwendea na karatasi mkononi kumwomba amdanganye mdogo wangu. Sasa yeye na mke wake wamepanda kwenda Moba kukaa kwa binti yao, na nyumba yao imepata watu wengine. Ninaandika habari zake kwa sababu ya karatasi ile. Lakini asiyemjua Prof hataelewa kwa nini kumwomba uongo lilikuwa jambo zito, wala kwa nini nililazimika kumwomba yeye na si mtu mwingine.

Nieleze kwanza shida yenyewe. Sisi tumezaliwa wanne. Wazazi walipotutoka mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na Georgette, kitinda mimba wetu, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule. Wadogo zangu waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, na mtaa mzima ukafuata, mpaka wazee wenye mvi wakawa wananiita Yaya. Wavulana wawili walipata njia zao mapema, mmoja kwenye reli kule Kabalo, mwingine kwa fundi wa magari. Georgette ndiye aliyependa vitabu. Nilijiwekea neno moja moyoni: huyu atasoma mpaka mwisho, na atasoma kitu chenye kazi.

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, alirudi nyumbani kichwa cheupe kwa poda. Ndiyo desturi yetu: anayefaulu anamwagiwa poda mpaka nyusi zinapotea. Watoto wa jirani walimfuata wakipiga masufuria. Mjomba wetu, anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Bendera, alikuwa ameshuka mjini siku hizo. Akamwuliza palepale uani:

"Bon. Sasa utaingia fakilte gani? Uuguzi ao sheria?"

"Kiingereza, Mjomba."

Mjomba alicheka mpaka akatafuta kiti. "Kiingereza! Kule Bendera niko na miaka makumi mbili. Mashini ikikufa, tunaita fundi wa umeme. Sijasikia ata siku moja watu wanalia: muite mutu wa Kiingereza!"

"Na kitabu cha hiyo mashini kimeandikwa kwa luga gani?"

Mjomba alifikiri. "Kwa luga ya fundi," akasema.

Watu wakacheka, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Kwetu ni hivyo. Mzazi akiwa hayupo, mkubwa ndiye mwenye neno la mwisho, na fakilte ya mtoto, yaani masomo atakayochukua chuoni, inachaguliwa na familia kama vile familia inavyochagua jina lake. Nilisema poda imemwingia machoni, aende kuoga.

Kiingereza hicho Georgette alikipata kwa Prof.

Shule yao, ambako nami nilisoma kabla yake, ilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kwa darasa zima, na Prof alikilaza kwenye kabati kama mgonjwa. Alitufundisha kwa vitu vingine. Kila Jumatatu kila mwanafunzi alipaswa kuleta kitu chochote chenye maandishi ya Kiingereza: mfuko wa sukari kutoka Zambia, ganda la betri, kikaratasi cha dawa ya malaria, lebo iliyoshonwa ndani ya kola ya shati la mitumba. Alivipanga mezani kama muuza soko. Aliinua kimoja kimoja, akasoma kwa sauti, nasi tukarudia.

"Kila kitu kinachovuka ziwa kiko na neno la kusema," alituambia. "Munakula sukari, lakini mufuko hamuusikilize."

Jumatatu moja msichana wa dawati la nyuma alileta kipakiti chenye picha ya panya. Prof alikisoma. Akakisoma tena, polepole, midomo ikisogea bila sauti. Akamwuliza msichana kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani:

"Hii mumeitoa wapi?"

"Mama anaweka ndani ya maharage, Prof. Wadudu wasiingie."

Aliacha chaki mezani, akavaa koti lake, akatoka na yule msichana bila kutuaga. Tulikaa kimya saa nzima bila mwalimu, kitu ambacho hakijawahi kuonekana katika shule hiyo. Alirudi viatu vikiwa na udongo. Maharage yale yalikuwa yamezikwa nyuma ya nyumba, gunia zima, na mama wa msichana alikuwa amemtukana sana mpaka alipoelewa. Prof hakutoa hotuba. Alichukua chaki, akaandika ubaoni neno lile la kwenye pakiti, akatuamuru tuliandike mara hamsini. Mimi nimesahau karibu Kiingereza chote nilichofundishwa, lakini neno la sumu ninalijua hata nikiamshwa usingizini.

Alikuwa na kamusi iliyopoteza kurasa zake za mbele. Ilianza na herufi C. Maneno ya A na B aliyakusanya mwenyewe kwa miaka mingi, akiyaandika katika daftari la mistari kwa mwandiko mdogo sana. Mabaharia wa mashua zinazotoka Mpulungu, upande wa Zambia, walimjua. Walikuwa wakimwona anakuja ukingoni wanaanza kumtania: "Mzee wa A huyoo! Leo tumemubakizia neno gani?" Naye alisimama katikati ya magunia ya saruji, kalamu mkononi, akiuliza kwa adabu kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Neno lenyewe likipatikana, aliwalipa kwa sigara moja. Yeye mwenyewe hakuvuta.

Mke wake, tuliyemwita Mama Prof, hakuwa na subira na mambo hayo. "Huyu mume wangu," aliniambia siku moja huku akichagua ndagala zangu, "anajua chumvi kwa Kiingereza, anajua chumvi kwa Kifaransa. Muulize inakaa wapi ndani ya nyumba yake!"

"Juu ya kabati," Prof alijibu kutoka barazani.

"Unaona? Kabati lilienda mwaka jana!"

Maana Prof alikuwa mtu wa pande mbili. Darasani hakutaka kusikia lugha nyingine. Aliyetaka kwenda chooni aliomba kwa Kiingereza au alivumilia. Lakini nyumbani aligombana, alihesabu na alisali kwa Kitabwa, lugha ya kwao. Vijana waliomkuta njiani na kumsalimia Kiingereza kwa makelele ili wasichana wasikie, aliwajibu Kitabwa mpaka wakaona haya. "Luga si kofia," alisema. "Haivaliwi juu ya kuonekana."

Na alikuwa mwoga. Hilo watu wengi hawalijui. Mtu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote aliogopa kukutana na mwenye Kiingereza. Hadithi ya fundi wa Kenya aliisimulia Mama Prof, naye Prof alikuwa akiangalia chini mpaka mwisho ufike.

Winchi ya bandari iliharibika, ikaletwa habari kwamba fundi anakuja kutoka Nairobi. Wakubwa wa bandari walijua Kifaransa tu na Kiswahili cha kwetu, wakamwomba Prof awe mkalimani. Siku mbili hakula vizuri. Alipiga pasi shati lile lile mara nne. Aliandika maneno ya winchi katika vikaratasi, akavibandika ukutani, kwenye mlango, hata juu ya mtungi wa maji. Usiku alikuwa akiyarudia mpaka Mama Prof akatishia kwenda kulala kwa dada yake. Siku ilipofika alisimama gatini jua likimpiga, shati mpaka kifungo cha shingoni. Fundi akashuka, kijana mwenye tabasamu, akamwona mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee wangu! Habari za hapa?"

Basi. Kazi yote ya siku tatu ilifanyika kwa Kiswahili. Fundi hakutaja neno moja la Kiingereza isipokuwa jina la vyuma viwili, na vyuma hivyo vilikuwa na jina lilelile kwetu. Prof alirudi nyumbani, akabandua vikaratasi kimoja kimoja, akavipanga, akavifunga kwa uzi.

"Nilimwambia atupe," Mama Prof alimalizia, akicheka mpaka machozi. "Akasema hapana, siku moja atakuja fundi mwingine!"

Hapo ndipo Prof naye alipocheka, wa mwisho, na kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Swali ambalo wazazi walimwuliza kila mwaka ni lile la Mjomba wangu: Kiingereza kina kazi gani? Nilikuwepo katika mikutano mingi ya wazazi, mimi msichana katikati ya watu wazima, nimekuja kwa niaba ya wadogo zangu. Prof hakuwa na jibu moja. Mwaka mmoja alisimama akazungumza vizuri kweli juu ya mashirika, mahakama, hoteli, ndege, ukalimani, uandishi wa habari. Mwaka uliofuata mzazi mmoja alimwuliza, naye akajibu tu, "Sijui, Papa. Inategemea mutoto." Mzazi alikasirika. Alisema amekuja kutafuta mwalimu, si mtabiri aliyeshindwa.

Alijua kila mwanafunzi wake alikofika. Ukitaka kumfurahisha, ungemletea habari za mmoja wao. Mmoja alikuwa Manono, anakwenda porini na watu wanaotafuta madini ya betri, wao wanasema Kiingereza, wenyeji wanasema Kiluba, na yeye yuko katikati na kofia ya plastiki. Mmoja anafundisha Kabalo. Mmoja, msichana, anafanya kazi Mpulungu kwa wakala wa mizigo. Mmoja alitafsiri kwa daktari wa kigeni mpaka akavutiwa na dawa zenyewe, akaanza kusomea udaktari upya akiwa na watoto wawili. Na mmoja, aliyekuwa bora kushinda wote, mwenye diploma ya chuo kikuu, anaendesha pikipiki ya abiria hapahapa mjini. Huyo Prof hakumficha. Alipanda pikipiki yake na si ya mwingine, na njiani walizungumza Kiingereza kwa sauti, abiria na dereva, wakishindana na mlio wa injini.

Kuhusu mimi mwenyewe nitasema jambo moja ambalo sikulisamehe haraka. Nilipoacha shule, Prof alikuwa maarufu kwa kuwafuata wanafunzi walioacha. Alikwenda mpaka kwenye mashamba ya watu, akakaa juu ya kinu, akabishana na baba zao. Kwa hiyo nilimngoja. Alikuja siku ya tano. Nilikuwa namwosha Georgette katika beseni, uani. Prof alisimama, akatutazama, akasema amekuja kuchukua kitabu cha sarufi nilichoazima, kwa kuwa kuna mwingine anakihitaji. Nilifuta mikono, nikamletea. Akakitia kwapani, akaondoka. Hakusema rudi. Hakusema pole. Mwaka mzima nilimwuzia Mama Prof ndagala bila kumsalimia mume wake.

Sasa ninafikiri aliliona lile beseni na akajua hakuna cha kubishana. Lakini hilo ni wazo langu, yeye hakuwahi kulisema, na mimi sikuwahi kumwuliza.

Tuje kwenye karatasi.

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu poda. Mjomba alikuwa amerudi Bendera akiniachia agizo: uuguzi, na nisicheze. Usajili ulikuwa unakaribia kufungwa. Georgette hakunisumbua, alifagia, aliosha vyombo, alinisaidia kugeuza samaki juani, lakini hakuimba, na yeye ni mtu wa kuimba. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilimwona dereva wa pikipiki kila siku akipita mbele ya meza yangu. Nilijiambia: uuguzi una hospitali, zahanati, hata kijijini mtu anahitaji sindano. Kiingereza kina nini? Tena nilijua nikimkataza mimi, atanitii, lakini atanitii kama mtu anayefungiwa mlango. Prof akimkataza, ataamini.

Wakati huo masikio ya Prof yalikuwa yamekwisha kumwacha. Yalianza kidogo kidogo, mpaka hakuweza kusikia majibu ya wanafunzi, akaacha kufundisha. Vijana waliendelea kumjia barazani, nao walisema naye akiwatazama midomo. Ukitaka akusikie bila kukutazama, ilibidi upige kelele karibu na sikio la kushoto, na hapo hata watu wa reli wangesikia. Neno langu halikuwa la kupigiwa kelele. Ndiyo maana niliandika.

Niliandika hivi: "Papa Prof, Georgette anakusikiliza kushinda sisi wote. Tafadhali mwambie Kiingereza hakifai, hakina kazi. Asome uuguzi. Usimwambie kwamba nimekuomba. Ni mimi Yaya." Nikaifunga ndani ya khanga. Nilimpitisha Georgette nyuma ya nyumba ya Prof na ungo wa ndagala, awapeleke kwa Mama Prof na kumsaidia kuchagua, mimi nikazunguka mbele.

Prof alikuwa barazani, shati mpaka kifungo cha shingoni. Tulisalimiana kwa mikono. Nikampa karatasi. Alivaa miwani, akasoma, midomo ikisogea. Akageuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi. Halafu, kama wafanyavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe, alinguruma:

"YAYA! UNATAKA NIMUDANGANYE MUTOTO?"

Jikoni ungo ulinyamaza.

"Wee Baba!" Mama Prof alipiga kelele kutoka ndani. "Unatangaza kama redio!"

Lakini Prof hakumsikia, na Georgette alikuwa amekwisha kutokea mlangoni, magamba ya samaki vidoleni. Alinitazama mimi, akaitazama karatasi. Prof akampa. Aliisoma, na alikuwa msomaji wa haraka.

"Ungeniambia mimi, Yaya," alisema. "Mbona hukuniambia mimi?"

Nilianza kufunga upya khanga yangu, ingawa karatasi haikuwa tena ndani yake.

Prof alimwonyesha kigoda. "Kaa. Yaya ameniomba nikuambie. Bon. Nitakuambia."

Akamwambia. Alizungumza kwa ile sauti yake kubwa, majirani wote wakisikia, na mwanzoni nilifikiri ananitii. Alisema walikuwa kumi na mmoja chuoni mwaka wao, na waliopata kazi ya Kiingereza ni wanne. Alisema amefundisha darasa la watoto sabini kwa kitabu kimoja, na miezi mingine mshahara ulichelewa mpaka akasahau wa mwezi gani. Alisimulia habari za fundi wa Nairobi, bila kicheko safari hii. Akamtaja dereva wa pikipiki kwa jina.

"Yaya yuko na haki ya kuogopa," alisema. "Mimi pia ningeogopa. Kiingereza peke yake hakimuandike mutu kazi. Yule wa Manono alijua Kiingereza na mawe. Yule wa Mpulungu alijua Kiingereza na mizigo. Wa pikipiki alijua Kiingereza tu, na alikijua kushinda wote. Sasa wewe. Kiingereza na nini?"

Nikashtuka, kwa sababu swali hilo halikuwa limeulizwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tumejadiliana wiki mbili juu ya jina la fakilte, Mjomba na mimi, kwa barua na kwa simu, na hakuna aliyemwuliza mtoto anataka kufanya nini na Kiingereza hicho.

Georgette aliinua uso ili mzee amwone mdomo. "Na mizigo," alisema. "Mizigo ya wamama wa bandarini. Yaya alikwama Mpulungu siku ine, juu ya karatasi aliyotia sahihi bila kuelewa."

"Nani alikuambia?" nikauliza. Maana jambo hilo sikumsimulia mtu. Nilikuwa nimekwenda kununua sukari. Wakanipa fomu ya Kiingereza, nami nikaona haya kusema sielewi, nikatia sahihi. Kumbe nilikuwa nimekubali mzigo wangu uteremshwe Bujumbura. Siku nne nilikaa gatini nikilala juu ya mkeka wa mama mmoja wa Uvira, mpaka mtu wa huruma akarekebisha.

"Ulirudi bila sauti, Yaya. Nikaona karatasi ndani ya mufuko wako. Nikaleta hapa kwa Papa Prof, tukaisoma yote. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari." Alifuta vidole kwenye sketi. "Wanaovuka ziwa karibu wote ni wanawake kama wewe. Karatasi ni za Kiingereza, forodha ni Kifaransa, na wao wanasema Kiswahili. Nataka biro ndogo, ofisi ya meza moja, pale bandarini. Niwasomee mbele hawajatia sahihi."

"Biro hiyo inaweza kufa mwaka wa kwanza," Prof alisema.

"Najua."

"Na ikikufa?"

"Nitafundisha. Kisha nitaifungua tena."

Mama Prof alikuwa amesimama mlangoni na kijiko, hata yeye hakuwa na mzaha. Halafu Prof akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Sema hayo uliyosema," alimwambia. "Kwa Kiingereza. Usikimbie."

Georgette alisema. Prof alimkazia macho mdomoni kama fundi saa. Mara moja aliinua kidole, akaonyesha ncha ya ulimi katikati ya meno yake machache. Georgette akarudia neno hilo, naye akateremsha kidole, akaendelea. Sikuelewa kitu isipokuwa jina la Mpulungu na neno Yaya. Alipomaliza, Prof akanigeukia.

"Meno na ulimi nimeona," aliniambia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijaribu kushusha sauti, haikushuka sana. "Lakini sauti siipati tena. Yaya, wewe unasikia. Niambie: inatoka vizuri?"

"Mimi sijui Kiingereza, Papa Prof." Nilisahau kupaza sauti, lakini alikuwa ananitazama mdomo.

"Sikukuuliza maana. Nimekuuliza sauti."

Nilimwomba Georgette arudie. Nilikuwa nimesikia sauti ile tangu kilio chake cha kwanza. Nilijua inavyokuwa akidanganya, akiwa na homa, akijifanya hana njaa ili wengine wale. Ninaijua inavyojikunja mbele ya wakubwa. Niliisikiliza sasa mpaka mwisho, nikingoja mahali itakapojikunja. Haikujikunja popote. Ilitoka moja kwa moja, ya mtu anayesema kitu anachokijua kwa mtu anayemheshimu.

Mzee alikuwa anangoja. Hangesikia neno lolote ambalo ningelisema, na Georgette alikuwa ameacha kumtazama yeye, ananitazama mimi, mwenye neno la mwisho. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaona haitoshi, nikaitikia tena, kwa nguvu, taratibu, ili wote wawili waone vizuri.